Mbwa, Kiwi na Kola ya Umeme: Uchambuzi wa Kisa cha New Zealand

Mnamo Agosti 1987, watafiti waliokuwa wakifuatilia maisha ya ndege aina ya kiwi katika msitu wa Waitangi, eneo la Northland nchini New Zealand, walianza kukuta mizoga. Kiwi 24 walikuwa wamefungwa vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ya redio ili wafuatiliwe usiku, na katika muda wa wiki chache 13 kati yao wakawa wameuawa. Muuaji alikuwa mmoja tu, mbwa jike wa jamii ya German Shepherd aliyekuwa akizurura msituni, na alipopigwa risasi mwishoni mwa Septemba mauaji yalikoma. Mtafiti Michael Taborsky, aliyechapisha habari za tukio hilo mwaka uliofuata, aliwalinganisha ndege wenye vifaa na idadi nzima ya kiwi wa msitu ule, iliyokadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000, akafikia makadirio kwamba mbwa yule peke yake aliua kiwi wapatao 500.

Kisa hicho hutajwa mara kwa mara na wahifadhi wa wanyamapori, lakini hapa nakichambua kwa sababu nyingine. New Zealand ina mpango wa kuwafundisha mbwa kumkwepa kiwi, na chombo kikuu cha mpango huo ni kola ya umeme, yaani ukanda wa shingoni wenye kifaa kinachompiga mbwa shoti pale mtu aliyeshika rimoti anapobonyeza kitufe. Kola hiyo hiyo imepigwa marufuku kwingine kwa hoja ya ukatili. Inafaa kuuliza ni kitu gani katika mpango wa kiwi kinachoweza kuifanya itetewe, na ni kwa kiasi gani utetezi huo unamfaa mtu mwingine anayeinunua mtandaoni ili kumnyamazisha mbwa anayebweka uani.

Kwanza tumwelewe ndege mwenyewe. Kiwi haruki, hulala mchana katika mashimo ardhini, hutembea usiku, na ana harufu kali ambayo pua ya mbwa huinasa kwa urahisi. Ndege wanaoruka wana mfupa mkubwa wa kifua uliofunikwa na misuli minene ya mabawa, lakini kiwi hana ngao hiyo. Kifua chake ni laini kiasi kwamba mbwa hahitaji kuuma kwa hasira. Hata mbwa mpole anayembeba mdomoni kwa mchezo anaweza kumvunja mbavu na kumuua. Vifaranga wengi huliwa na cheche, wanyama wadogo wala nyama (kwa Kiingereza stoat) walioletwa kutoka Ulaya, lakini kiwi akishakua na kufikisha uzito wa kilo moja hivi, huweza kujitetea dhidi ya cheche. Mbwa ndiye anayewamaliza wakubwa, na kifo cha mkubwa ndicho chenye hasara zaidi, kwa kuwa huyo ndiye ambaye angeendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Idara ya Uhifadhi ya New Zealand inaeleza kwamba kiwi wa Northland huishi kwa wastani wa miaka 14 tu kwa sababu ya mbwa, ilhali kiwi aliye salama anaweza kuishi miaka 30 au 40 na zaidi.

Mtu atauliza kwa nini mbwa wasifungwe kamba, basi yakaisha. Swali ni la haki, na kwa mbwa wengi wa nyumbani jibu ni hilo hilo: wafungwe kamba au wasiingizwe msituni kabisa. Tatizo ni wawindaji wa nguruwe mwitu. Nguruwe hao wenyewe ni wanyama walioletwa kutoka nje na wanaharibu misitu, hivyo uwindaji wao unaruhusiwa katika sehemu nyingi za ardhi ya hifadhi, na mbwa wa uwindaji huo hana maana akiwa kwenye kamba. Hutangulia mbele, hupotea machoni pa mwenyewe, humtafuta nguruwe kwa pua na kumzuia hadi mwindaji afike. Katika muda huo hakuna sauti inayomfikia wala mkono unaoweza kumzuia asichimbue shimo la kiwi. Kinachotakiwa ni mbwa anayemkwepa kiwi kwa hiari yake mwenyewe, hata pale ambapo hakuna mtu anayemwona. Sharti hilo ni gumu kuliko utii wa kawaida, na ndilo lililoleta kola katika habari hii.

Mafunzo yenyewe ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Mkufunzi, ambaye ni lazima awe ameidhinishwa, huweka njiani vitu vya kiwi: mzoga uliogandishwa au ndege aliyekaushwa na kujazwa, manyoya, kinyesi, pengine na takataka za kiota. Mbwa huvalishwa kola ikiwa imekazwa kiasi, ili vichwa viwili vya chuma vipenye kwenye manyoya na kuigusa ngozi. Kola iliyolegea hupiga mara moja na kukosa mara mbili, na kukosa huko kunaharibu somo zima. Kisha mwenye mbwa hutembea naye kupita karibu na vitu vile. Haruhusiwi kumwita, kumkemea wala kumwelekeza. Mkufunzi amesimama pembeni na rimoti mkononi, kimya, akiitazama pua ya mbwa. Mbwa anapousogelea mzoga na kuanza kuunusa kwa shauku, hapo hapo hupigwa shoti moja fupi. Kwa kawaida huruka nyuma, hulia, na kuondoka upesi mahali pale. Mwenyewe haonyeshi chochote, huendelea tu na mwendo wake kama mtu asiyejua lililotokea. Baadaye hupitishwa tena penye vitu vya kiwi ili aonekane amejifunza nini. Mbwa anayekunja njia akaenda mbali, au anayemvuta bwana wake upande wa pili mara harufu inapomfikia, hupewa cheti. Cheti hicho kina muda, na mbwa hutakiwa kurudi kupimwa upya.

Ukimya wa mwenye mbwa katika zoezi hilo si jambo dogo. Lau angesema neno lolote kabla ya shoti, mbwa angeweza kuliunganisha neno hilo na maumivu. Lau mkufunzi angemsogelea, mbwa angejifunza kumwogopa mkufunzi. Mpangilio wote umejengwa ili kitu kimoja pekee kibaki kuwa chanzo cha maumivu katika akili ya mbwa, yaani yule ndege mwenye harufu ile. Mbwa hatakiwi kujua kwamba kola ndiyo iliyompiga, wala kwamba kuna binadamu aliyebonyeza kitufe. Akilijua hilo, atamheshimu kiwi siku anapovaa kola tu.

Utafiti uliofanyika Hannover, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2007, unasaidia kueleza kwa nini mpangilio huo una uzito wa kitabia na si desturi tu ya wakufunzi. Mbwa 14 wa jamii ya beagle waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza walipigwa shoti pale tu walipogusa sungura wa bandia waliyekuwa wakimfukuza. Kundi la pili walipigwa walipokosa kuitikia wito wa kurudi, ambao walikuwa wamefundishwa awali. Kundi la tatu walipigwa bila mpango wowote ambao mbwa angeweza kuuelewa. Watafiti walipima homoni ya kotisoli katika mate, ambayo hupanda mnyama anapokuwa na msongo. Kundi la kwanza halikuonyesha ongezeko kubwa. Kundi la pili lilionyesha, na la tatu likazidi yote. Kifaa kilikuwa cha aina moja. Kilichotofautiana ni kama mbwa aliweza kujua bila shaka ni kitendo gani kinacholeta maumivu na afanye nini ili yasimpate tena.

Mpango wa kiwi unaangukia katika kundi la kwanza. Mantiki yake inafanana na ya ua wa kawaida wa umeme, ule wa nyaya zinazoonekana, ambao wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu. Ua uliozungushwa msitu wa Aberdare nchini Kenya, uliokamilika mwaka 2009 baada ya kazi ya miaka 20, haumfuati tembo wala haumkasirikii. Uko mahali pamoja, unaonekana, unauma kila unapoguswa na hauumi usipoguswa. Mnyama ndiye anayeamua. Mbwa akiugusa kwa pua ua wa shamba la mifugo atafanya vivyo hivyo: atalia, atarudi nyuma, na kwa kawaida hatarudia. Ua wa namna hiyo una masharti yake, hasa kwamba kifaa kinachousukuma umeme kiwe kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachotoa mapigo mafupi sana yenye nafasi kati ya pigo na pigo ili aliyegusa apate muda wa kujiondoa. Kuunganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumba ni kuua, iwe ni mbwa au mtoto wa jirani, na hilo halihitaji mjadala.

Sasa tazama jinsi kola inavyotumika na watu wengi. Anayemfundisha mbwa kuitikia wito kwa kumpiga shoti asiporudi anamweka katika kundi la pili la Hannover, kwa sababu kutorudi si kitu kimoja ambacho mbwa anaweza kukinusa au kukigusa. Wakati kitufe kinabonyezwa, mbwa anaweza kuwa anamtazama mbwa mwenzake, anamsikia mtoto akicheka, au ndiyo kwanza amegeuza kichwa ili arudi. Ataunganisha maumivu na lolote kati ya hayo. Anayembonyezea mbwa kitufe kwa sababu amechoka na kelele zake anamsogeza kwenye kundi la tatu, hata kama mwenyewe ana hakika kwamba anafundisha. Na hapa ndipo rimoti inapokuwa chombo cha hatari zaidi kuliko waya: waya hauna hasira, lakini kidole cha mtu aliyedharauliwa na mbwa wake mbele ya majirani kinayo.

Isitoshe, faida inayodaiwa haionekani. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa mbwa 63 wenye matatizo ya utii, hasa ya kutorudi wanapoitwa. Kundi moja lilifundishwa kwa kola na wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wa kola hizo; la pili lilifundishwa na wakufunzi wale wale bila kola; la tatu na wakufunzi waliotegemea zawadi. Mbwa waliofundishwa kwa zawadi waliitikia vizuri zaidi, na watafiti hawakupata ushahidi kwamba kola ni ya lazima hata kwa matatizo yale ambayo watetezi wake huyataja kwanza. Matokeo hayo yana uzito mkubwa zaidi kwa kuwa kola haikupewa watu wasiojua kuitumia. Ilipewa mafundi wake.

Kati ya ua unaoonekana na rimoti kuna kifaa cha tatu, ambacho huuzwa kwa jina la ua usioonekana. Waya huzikwa ardhini kuzunguka kiwanja na kurusha mawimbi ya redio. Mbwa huvaa kola inayoyapokea. Akiukaribia mpaka husikia mlio, na akiendelea hupigwa shoti. Kwa mtazamo wa kwanza kifaa hiki kinafuata mantiki ya ua, kwa kuwa hakuna mtu anayebonyeza chochote na mbwa ana onyo la sauti. Wafungaji makini husimika vibendera vidogo kando ya mpaka na kumtembeza mbwa kwa kamba siku nyingi kabla ya kumwachia, na pasipo kazi hiyo mbwa hupigwa na kitu asichokiona mahali asipopajua, jambo ambalo sioni namna ya kulihalalisha.

Hata hivyo, ua huo una kasoro ambayo mafunzo hayaiondoi. Humzuia mbwa asitoke bila kumzuia yeyote asiingie, na mbwa aliyekimbia kwa msisimko akavumilia shoti ya kutoka huikuta shoti ile ile ikimngojea wakati wa kurudi, akiwa hana tena kinachomsukuma. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 44 ya mbwa waliofugwa ndani ya ua wa aina hiyo waliwahi kutoroka, ikilinganishwa na asilimia 23 hivi ya waliozungushiwa ua halisi. Mapema zaidi, mwaka 2000, mtaalamu wa tabia za wanyama Richard Polsky alichapisha visa 5 vya mbwa waliowashambulia watu katika mazingira ya ua huo, akijenga hoja kwamba mbwa aliyepigwa shoti huku akimtazama mpita njia anaweza kumhesabu mpita njia huyo kuwa ndiye aliyemwumiza. Hoja hiyo ni ya mpango wa kiwi ikiwa imegeuzwa. Mbwa wa msituni hufundishwa kwa makusudi kwamba kiwi anauma. Mbwa wa kwenye ua anaweza kufundishwa bila makusudi kwamba tarishi anauma, na mbwa si lazima akimbie kila kinachomuuma.

Sheria zimelishughulikia suala hili kwa namna zinazopishana. Wales ilipiga marufuku mwaka 2010 kumvalisha mbwa au paka kola yoyote ya kutoa shoti, na marufuku hiyo inahusu rimoti na ua usioonekana kwa pamoja. Watengenezaji walikwenda mahakamani mwaka huo huo na wakashindwa. England iliandaa kanuni mwaka 2023 ambazo zingekataza kola za rimoti na kuuacha ua usioonekana, kwa hoja kwamba ua huo huwaokoa wanyama, hasa paka, wasigongwe na magari. Kanuni hizo zilikusudiwa kuanza Februari 2024, lakini hazikukamilisha safari yake bungeni. Ujerumani iliamua kupitia Mahakama yake Kuu ya Utawala mwaka 2006 kwamba matumizi ya kola zenye uwezo wa kutoa shoti za namna hiyo ni kinyume cha sheria ya ulinzi wa wanyama, hata mtumiaji awe na ujuzi gani. Nikipima misimamo hii kwa kipimo cha kisa chetu, tofauti waliyoijali England kati ya mkono na mashine ina maana, ila naona ilithamini kupita kiasi usalama wa ua usioonekana. Msimamo wa Wales ni mkali, lakini ni rahisi kuusimamia, kwa kuwa mkaguzi hahitaji kuthibitisha mtu alibonyeza lini na kwa nia gani. Na kinachofanyika New Zealand hakiwezekani chini ya sheria hiyo.

Kwa hiyo mpango wa kiwi wenyewe lazima ujibu swali lake gumu: je, unafanya kazi? Mbwa hufundishwa kwa ndege mfu na hupimwa kwa ndege mfu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa rekodi za mafunzo ya mbwa 1,156, na rekodi za aina hiyo, hata ziwe nyingi namna gani, hupima jinsi mbwa anavyovikwepa vifaa vya mafunzo. Kiwi aliye hai anakimbia, anapiga kelele, ana joto, na mbwa anaweza kumkuta akiwa pamoja na mbwa wengine wanne waliokwisha kupandwa na mori wa mawindo. Hakuna anayeweza kufanya jaribio la kumwachia mbwa kiwi hai ili aone kitakachotokea. Idara ya Uhifadhi yenyewe haifichi udhaifu huo. Inasema wazi kwamba mafunzo haya hupunguza hatari bila kuiondoa, na kwamba mbwa mwenye cheti bado anaweza kuua.

Mimi naona mpango huu unatetewa kwa sababu tatu zinazotegemeana: madhara yanayozuiwa ni makubwa na hayarudishiki, mbwa anayehusika hawezi kuzuiwa kwa njia nyingine akiwa kazini, na maumivu yenyewe ni ya sekunde chache chini ya mkono wa mtu aliyeidhinishwa, kisha kola huvuliwa na mbwa huenda nyumbani bila kifaa chochote shingoni. Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa upesi na wanaoutumia mfano huu kuhalalisha kola zao. Mbwa wa mijini huvalishwa kola asubuhi na kuvuliwa usiku, pengine hata usiku asivuliwe, hadi vile vichwa vya chuma vinamchubua na kumtia vidonda shingoni, na anayeshika rimoti hajawahi kupimwa na yeyote. Ukiondoa hata sababu moja kati ya hizo tatu, utetezi wote unaanguka. Ndiyo maana sioni namna ya kuuhamishia kwa mbwa anayebweka, anayevuta kamba au anayechelewa kurudi.

Sheria ya New Zealand nayo haikumpa mwenye cheti kinga. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Mbwa ya mwaka 1996, mwenye mbwa aliyeua mnyamapori anayelindwa anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini ya hadi dola 20,000 za nchi hiyo, na mahakama huamuru mbwa auawe isipokuwa ikiridhika kwamba mazingira ya tukio yalikuwa ya kipekee. Mwindaji anayeingiza mbwa katika ardhi ya hifadhi yenye kiwi huhitaji kibali, na mafunzo ya kumkwepa kiwi huwa sehemu ya masharti ya kibali hicho. Kwa wakazi wengine wa maeneo yenye kiwi, ushauri wa idara hauhusu umeme kabisa: kwa kuwa kiwi hutembea usiku, mbwa alale ndani ya nyumba, kwenye banda lililofungwa au akiwa amefungwa mnyororo, na mchana asizurure bila mtu, awe amepata mafunzo au hakupata.